Vya kupangia mizigo ndani ya gari: kipi ununue kwanza ukiwa Dodoma, kipi umwachie muuzaji

Mshkaji wangu kanunua IST, kaitoa Dar kaileta mpaka Ilazo, na swali lake la kwanza halikuwa la oili wala tairi. Kaniuliza, "sasa huku ndani niweke nini?" Nikamwelewa, maana ukizunguka maduka ya urembo wa magari hapa mjini unaweza kutoka na mifuko mitano na gari lisibadilike chochote zaidi ya kujaa. Nikaanza kumjibu kwa meseji, ikawa ndefu, ndo hii.

Mi kipimo changu ni kimoja tu: hicho kitu kinashika? Kama kinaushika mzigo usitembee, nunua. Kama kinaupanga tu uonekane vizuri, hilo ni pambo, na pambo lina zamu yake mwishoni.

Hili nililijua kwa dumu. Tulikuwa tunatoka Singida mimi na shem, mdogo wake mke wangu, nyuma tuna kuku wanne kwenye tenga na dumu la lita 20 la mafuta ya alizeti, na hilo dumu nimelikalisha siti ya nyuma katikati kama abiria, nikaliona limetulia zuri kabisa. Manyoni tumepita salama. Tunaikaribia Bahi wakatoka ng'ombe upande wa kushoto, wa kwanza kavuka, wa pili kafika katikati ya lami kasimama ananiangalia. Nikakanyaga breki ya nguvu zote. Ng'ombe sikumgusa. Ila dumu lenyewe halikuwa na habari na breki, lilipita katikati ya siti za mbele, likavunja kishikio cha vikombe, mfuniko ukaachia na shem akaoga mafuta kuanzia kiunoni kushuka. Tumekaa kimya kama dakika nzima, kuku wanapiga kelele, halafu akasema, "Shemeji, ingekuwa ni kichwa changu?" Sikuwa na jibu. Ile harufu tumekaa nayo mpaka mvua za Desemba zimeanza.

Baadaye nikakaa kupiga hesabu. Gari likiwa spidi 50, ile ya kwenye vibao vya makazi ya watu, likasimama ghafla kwa kugonga kitu, mzigo usiofungwa unaendelea mbele na spidi yake ile ile ya 50. Hiyo ni sawa na kuudondosha kutoka mita 10 hivi juu, kama ghorofa ya tatu. Ukiwa 80 inakuwa kama mita 25. Sasa dumu la lita 20 la alizeti lina kilo 18 na kitu. Jaza mwenyewe.

Kwa hiyo namba moja kwangu ni mkanda wa kufungia mzigo, ule mpana wenye kichuma cha kukazia kama wanaotumia watu wa malori, wengine wanauita racheti. Sio urembo, hauko hata kwenye maduka ya urembo, unaupata zaidi kwenye maduka ya hadwea na ya spea za malori. Wangu ni wa mita 5, nimenunua sh 12,000 na sidhani kama kuna elfu kumi na mbili niliyowahi kuitumia vizuri zaidi ya hiyo. Unaupitisha juu ya mzigo, unaunasa kwenye pete za chuma zilizoko sakafuni mwa buti, unakaza. Gari nyingi za Kijapani zinazo hizo pete au matundu yake, ila zinakuwa zimefunikwa na kapeti na mwenye gari anaweza kumaliza miaka mitatu hajawahi kuziona, we inua kapeti utazame. Usiunase kwenye vile vindoano vya plastiki vya pembeni, vile ni vya kuning'iniza mfuko wa nyanya basi.

Kuna watu watakwambia mpira wa bodaboda unatosha. Mpira unavutika, ndo kazi yake, kwa hiyo breki ikikamata mzigo unasogea kwanza halafu mpira ndo unakumbuka. Tena ukikaa juani hapa Dodoma miezi miwili unaanza kupasuka pasuka. Kwa kreti ya soda sawa, kwa gunia la mahindi la Kibaigwa hapana.

Na ukifunga, kizito kikae chini kabisa, kisukumwe mpaka kigusane na mgongo wa siti ya nyuma, kisiachiwe nafasi ya kuanzia mbio. Usipange kupita urefu wa siti. Halafu huo mgongo wa siti wenyewe uvute kwa mkono uone kama umekamata, maana siti za kukunja mara nyingi unasikia "tak" unadhani imefunga kumbe upande mmoja tu. Kama nyuma hakuna abiria na buti lina mzigo mzito, funga mikanda ya siti ya nyuma hivyo hivyo ikiwa tupu, inasaidia kuushikilia mgongo wa siti. Mtungi wa gesi usimame wima, valvu ifungwe, ukazwe na mkanda, vioo viwe wazi kidogo na ukifika tu nyumbani uushushe, usiuache humo eti utaushusha jioni.

Namba mbili ni boksi la buti la kukunja, lile la kitambaa kigumu lenye vyumba vyumba. Hapa angalia vitu viwili. Kwanza chini kwake kuwe na vipande vya kunata au mikanda ya kulifunga, bila hivyo umenunua boksi linaloteleza na kila kitu kilichomo. Pili liwe na mfuniko. Mtu wa Dar anaweza asielewe kwa nini nasisitiza mfuniko ila aliyekaa Nzuguni au Nkuhungu mwezi wa tisa upepo ukiamua anajua, vumbi linaingia hadi kwenye buti lililofungwa. Mimi humo naweka jeki, spana ya tairi, triengo, maji lita 5, kamba ya kuvutia na tochi, na tangu nimeliweka sijasikia tena ile ngoma ya vyuma kila nikipita tuta.

Wavu wa buti nauweka hapo hapo namba mbili nusu. Ni wa bei ndogo na unafaa vitu vyepesi, mboga, mikate, mabegi ya watoto. Wasikudanganye kwamba unazuia dumu. Niliwahi kumwambia muuzaji mmoja anishikie upande wake nivute.
"Bosi, hiyo ni orijino, toka Dubai."
"Haya shika."
Nikavuta, sio kwa nguvu, kindoano kikabaki kwake na wavu kwangu. Tukacheka wote, akaniletea mwingine wa ndoano za chuma uliokuwa chini ya kaunta, sijui kwa nini hakuanza na huo. Kwa hiyo vuta kabla hujalipa.

Namba tatu itakushangaza: kibano cha mtungi wa faya. Wote tunao ule mtungi mdogo mwekundu kwa ajili ya trafiki, na karibu wote umelala chini ya siti ya dereva ukizunguka zunguka. Chuma cha kilo moja na zaidi, cha duara, futi moja kutoka kwenye pedali zako! Jamaa yangu yeye haukuwa mtungi, ilikuwa chupa ya maji tu ya nusu lita, anashuka kuelekea kwenye matuta akakuta breki haiendi chini, chupa imeingia nyuma ya pedali. Alivuta handibreki. Toka siku hiyo chupa zake zinakaa mlangoni. Kibano ni cha chuma, kinafungwa kwa skrubu pembeni ya siti ya abiria au kwenye buti, fundi anakuwekea kwa nusu saa.

Kapeti za miguuni nazo nitazisema hapa kwa kuwa ni habari ya pedali. Nunua zilizokatwa kwa gari lako na zenye tundu la kuingia kwenye kile kikulabu cha sakafuni, upande wa dereva weka moja tu, usilaze ya mpira juu ya ile ya kitambaa. Sio uoga wangu, Toyota wenyewe mwaka 2009 waliita magari zaidi ya milioni 3 yarudishwe kurekebishwa kule Marekani kwa sababu kapeti la dereva liliweza kusogea na kunasa pedali ya mafuta.

Namba nne ni holda ya simu, na huku ndo pesa nyingi zinapotea. Ya kunyonya kwenye kioo au dashibodi kwa hali ya hewa yetu ni ugomvi wa kila siku, asubuhi imeshika, saa nane mchana gari limepaki juani pale Majengo, ukirudi ipo chini, vumbi limeingia kwenye mpira, unailamba unaibandika unasonga mbele mpaka Area D imeshadondoka tena na wewe unainama kuitafuta, na huko kuinama ndo ajali yenyewe. Ya sumaku ni nzuri kama simu yako nyepesi na huna kava nene. Mimi nimetulia na ya kubana kwenye tundu la AC, yenye ndoano ya kukaza kwa nyuma na sio ile ya klipu tu, na AC ikiwashwa simu nayo inapoa maana ramani na chaja kwa pamoja zinaichemsha. Kasoro yake, simu kubwa nzito inavunja vile vipepeo vya AC, na spea yake kuipata sio leo. Vyovyote utakavyochagua isikae mbele ya macho yako ikakuzibia barabara na isikae palipoandikwa SRS AIRBAG.

Hapo kwenye eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga, nisimame kidogo. Mfuniko wake kwa abiria uko juu ya dashibodi, ikifumuka inafumuka ndani ya muda mfupi kuliko kupepesa jicho na chochote kilichokaa juu yake kinakuwa jiwe la manati. Boksi la tishu, mdoli wa kutikisa kichwa, chupa ya manukato yenye gundi chini, lile trei la kunata la kuwekea sarafu na miwani, vyote naviona kila siku. Trei hilo ndo namba ya mwisho kwenye orodha yangu, usinunue hata wakikupa bure kwa kununua kingine. Miguu ya abiria juu ya dashibodi nayo hivyo hivyo. Na kava za siti, kabla hujavalisha angalia ubavuni mwa siti kama kuna kilebo cha AIRBAG, kama kipo tafuta kava zilizoachwa wazi upande huo.

Kizuia jua cha kioo cha mbele ni namba tano, kile cha kukunja cha rangi ya fedha. Gari lililofungwa juani linaweza kupanda nyuzi karibu 20 juu ya joto la nje ndani ya nusu saa, sasa kwa Oktoba yetu piga mwenyewe. Hata ukiwa nacho usiache kiberiti cha gesi, pawabenki, wala spreyi, soma mgongoni mwa kopo la spreyi utakuta wameandika lisizidi nyuzi 50. Dawa nyingi zinatakiwa zikae chini ya 30. Na kama umemnunulia mgeni mvinyo wa Dodoma usiuache kwenye siti mchana kutwa, utampelekea siki. Mtoto ndo kabisa, hata dakika tano.

Mfuko wa nyuma ya siti, sita. Wa kitambaa kitupu ni mzuri kwa vitabu vya watoto. Ule wenye kimeza kigumu cha kulia chakula achana nao, ni kona ya plastiki iliyokaa usawa wa uso wa mtoto.

Kijazio cha upenyo kati ya siti na konsoli, saba, kinazuia simu isitumbukie, basi. Angalia kisizibe kibonyezo cha mkanda. Na ukiwa unalipa mtu akikutolea kile kichuma cha kuchomeka kwenye mkanda ili alamu inyamaze, mrudishie.

Kwa IST mkanda mmoja wa mita 5 na boksi dogo vinatosha, buti lenyewe si unalijua. Wa Noah chukueni mikanda miwili.