Tahadhari: Draya za Mkono Zinazotangazwa kuwa za "Wati 8000"

Nawatahadharisha wenzangu, hasa akina dada na akina mama wanaojitengenezea nywele nyumbani, kuhusu muuzaji wa mtandaoni anayetangaza draya za mkono za "wati 8000, nguvu ya saluni", anayedai kuwa duka lake lipo Kariakoo, Dar es Salaam, na ambaye hutaka alipwe kwa simu kabla mzigo haujatoka.

Mimi nililipa. Bodaboda aliuleta mzigo siku hiyohiyo, nami kwa haraka sikuufungua mbele yake. Draya ilifanya kazi mara mbili bila tatizo, lakini mara ya tatu, nikiwa namkausha binti yangu nywele, waya ulipata moto mkononi mwangu, ikatoka harufu ya plastiki inayoungua, na mdomo wa draya ukaanza kulainika. Nilichomoa plagi upesi, na namshukuru Mungu kwamba mtoto hakudhurika. Fundi aliyeifungua alinionyesha kwamba ndani hamkuwemo kile kifaa kidogo kinachokata umeme joto linapozidi, ambacho hukaa karibu na nyaya za kupashia joto na ambacho hakipaswi kukosekana katika draya yoyote. Nilipomwandikia muuzaji kumweleza, alinizuia nisiweze kumpata tena.

Laiti ningepiga hesabu mapema, ile namba ya wati peke yake ingenitosha. Umeme wa majumbani mwetu ni wa volti 230, na plagi yetu ya miguu mitatu ya bapa ina fyuzi isiyozidi ampea 13. Ukizidisha, unapata takriban wati 3,000. Draya ya wati 8,000 ingevuta karibu ampea 35, kiasi ambacho plagi hiyo haiwezi kukibeba. Draya nyingi za kweli za nyumbani huwa na wati kati ya 1,000 na 2,200, na hizo zinatosha hata kwa nywele nzito, kwa sababu kinachokausha ni joto pamoja na mwendo wa hewa.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, soma maandishi yaliyo kwenye mwili wa draya yenyewe, wala usiridhike na yale ya kwenye boksi. Yanapaswa kutaja wati, na volti 220 hadi 240. Iliyoandikwa volti 120 pekee, kama zile za mtumba kutoka Marekani, ukiichomeka kwetu itatoa joto karibu mara nne ya lile ililotengenezewa, na itaungua. Angalia pia kama waya ni mnene na kama una kinga ya mpira pale unapoingia kwenye mpini, kisha omba iwashwe kwa dakika chache huku ukiushika waya huo. Uvuguvugu kidogo si neno, ukichoma, iache. Dai risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi), kwa kuwa bila hiyo utapata shida kuthibitisha ulinunua wapi unapopeleka malalamiko Tume ya Ushindani (FCC), kama ilivyonitokea mimi, niliyebaki na ujumbe wa malipo ya simu tu.

Wiki hii nimeona tangazo lilelile chini ya jina jingine la duka: video ni ileile ya draya nyeusi yenye ukanda wa dhahabu, ilhali inayoletwa ni nyepesi, haina ukanda huo, na plagi yake ni ya miguu miwili ya duara.