Nililipia Kiongozi wa Matembezi Cotswolds, Nikaishia Kutembea Barabarani

Sijapata kuona mtu anayelipwa kwa kuijua njia akifukuzwa katika njia hiyo hiyo, kisha yeye ndiye akaomba radhi. Hayo yalitukuta Uingereza, majira ya kuchipua, nilipomchukua shangazi yangu aliyekuja kunitembelea kutoka Tanga, tukajiunga na kampuni moja ya matembezi ya miguu kutoka Chipping Campden hadi Broadway, katika eneo la vilima la Cotswolds.

Mwanzo ulikuwa mwema, sitaki kudhulumu. Kiongozi alituonyesha ukumbi wa soko wa mwaka 1627, akaeleza jinsi utajiri wa sufu ulivyojenga kanisa na nyumba za mawe ya chokaa yenye rangi ya asali. Tukapanda Dover's Hill, shangazi akiwatazama kondoo na kukadiria bei ya kila mmoja.

Mbele kidogo tuliacha njia kuu ya matembezi, Cotswold Way, yenye alama ya tunda la mwaloni, tukashika kijia kinachokata shamba. Langoni tulimkuta bwana mmoja juu ya trekta, ambaye bila hata salamu alituambia kwamba njia imefungwa na turudi tulikotoka. Kando ya gurudumu la trekta lake palikuwa na kigingi chenye mshale wa njano, na mshale huo maana yake ni njia ya umma ya waendao kwa miguu. Njia hizo huandikwa katika ramani rasmi za halmashauri kutokana na sheria ya mwaka 1949, na mwenye shamba hana mamlaka ya kuzifunga kwa kauli yake tu. Mimi nayajua haya kwa kusoma. Kiongozi wetu, mwenye kitambulisho shingoni na ramani mkononi, alisema samahani mfululizo, akatugeuza.

Tulimalizia kwenye lami isiyo na nafasi ya mtembea kwa miguu, shangazi akijibanza ukutani kila aliposikia mngurumo wa gari. Mnara wa Broadway wa mwishoni mwa karne ya 18, ambao ndio hasa uliotupeleka huko, tuliutazama kwa mbali.

"Baba," shangazi aliniuliza, "huyu tumemlipa atuongoze au atusindikize?"

Kiongozi hakugeuka hata kumpa pole.

Nilipolalamika, kampuni ilijibu kwamba mabadiliko ya njia ndiyo ladha ya matembezi, ikaniahidi punguzo la bei safari ijayo. Nilikusudia kuwapa nyota tatu, maana vijiji na vilima vile vinapendeza mno. Lakini kadiri ninavyoandika ndivyo ninavyoona kwamba vilima si vyao na njia ni ya bure kwa kila mtu. Walichoniuzia ni ujuzi, pamoja na uthubutu wa kusema tuna haki ya kupita, na hicho sikukipata. Nyota moja. Punguzo lao sikulichukua. Njia ya Cotswold Way ina urefu wa kilomita 164, na shangazi anataka tuendelee kutoka Broadway hadi Stanton, sisi wawili na ramani yetu.