Mtumba wa Memorial au kitenge cha fundi?

Mama mwenye shughuli nyingi hapa Moshi ana njia mbili za kupendeza bila kufanana na jirani. Nimezijaribu zote.

Memorial, soko letu la mitumba, inataka kuwahi. Robota likifunguliwa asubuhi, nguo nzuri huondoka kwanza. Ukifika saa nane mchana unakuta zimeshachambuliwa. Inua nguo juani uone matundu, kagua kwapani, vuta zipu mpaka mwisho, ndipo uanze kupatana bei. Wiki jana nimepata gauni la kitani la kijani, mifuko yake mirefu inameza simu na funguo za duka. Sijaona mwingine mwenye nalo.

Kitenge hushonwa kwa vipimo vyako: unachagua mikono, urefu, hata zipu ya mbele kama bado unanyonyesha. Cha pamba kiloweke kwanza, maana hupungua. Ila kuna gharama ya kitambaa na ya kushona, na Desemba, watu wakirudi nyumbani kwa Krismasi, mafundi huelemewa.

Kwa nguo za kila siku nachagua Memorial. Fundi nampelekea marekebisho tu, kama kupunguza kiuno.