Studio ya picha Ngamiani iliyotutengenezea albamu ya marehemu baba, hawa watu wanajua kazi

Wana Tanga wenzangu na nyie mlioko nje mnaotafuta fundi wa kurekebisha picha za zamani, someni hii. Baba yetu alitangulia mbele za haki mwaka huu, na kabla ya arobaini tukakubaliana ndugu wote tumtengenezee albamu moja ya maana, manake picha zake zilikuwa zimetapakaa, nyingine kwa shangazi Pangani, nyingine kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha mama, na ile kubwa aliyovaa gwanda iko ukutani kwenye fremu ya kioo toka sisi wadogo. Mzee alikuwa askari wa JWTZ, kapigana vita vya Kagera, aliporudi akaingia zimamoto hapa hapa Tanga mpaka akastaafu. Mtu kama huyo huwezi kumkumbuka kwa picha ya pasipoti iliyokuzwa mpaka sura imekuwa vidoti.

Studio iko Ngamiani kwenye zile barabara za namba, chumba kimoja tu na feni, ukipita haraka hujui kama kuna kazi kubwa inafanyika mle. Sehemu ya kwanza tuliyoenda, ambayo siitaji, kijana alitaka kuibandua picha ya ukutani kwa kisu kwa sababu ilikuwa imegandana na kioo, si mnajua hewa yetu ya pwani, unyevu na joto vinakula picha. Tukamnyang'anya tukaondoka. Huyu wa Ngamiani alipoiona tu akasema, "Hapana mama, tukiibandua sura ya mzee inabaki kwenye kioo." Akasafisha kioo kwa nje taratibu, akaiskani na kioo chake hivyo hivyo, kisha ndo akakaa kwenye kompyuta kuondoa ukungu na mikwaruzo. Picha yenyewe imerudi ukutani haijaguswa. Hapo nikajua tumefika kwa mwenyewe.

Kitu kingine ambacho sikukitarajia, aliskani na migongo ya picha. Mzee alikuwa na tabia ya kuandika nyuma kwa kalamu ya wino, ipo moja wamekaa wanajeshi kwenye boneti ya lori, nyuma imeandikwa "Masaka, Machi 1979, wote wazima". Fundi akaweka picha kurasa ya kushoto na mwandiko wa mzee kurasa ya kulia, yani ukifungua unaona sura halafu unaona mkono wake. Mama alipofika hapo alifunga albamu kwanza akaenda kuswali, akarudi baadae.

Na kijana anauliza, hapangi tu. Vita hakuikuta, hata mimi nilikuwa sijazaliwa, ila alitaka ajue ipi itangulie ipi ifuate, ikabidi tukae na baba mdogo ambaye nae alikuwa jeshini atupe mpangilio. Majeshi ya Amin yaliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, Mwalimu Nyerere akatangaza vita tarehe 2 Novemba, na siku zile zile daraja la Kyaka lililipuliwa, wanajeshi wetu wakawarudisha wavamizi kwao kisha wakaingia Uganda, Masaka ikachukuliwa Februari 1979 na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili. Kwa hiyo picha za Kyaka zikakaa mbele, Masaka zikafuata, na ile moja ya Kampala ambayo mzee kakonda mpaka mkanda umezunguka kiuno karibu mara mbili ikafunga sehemu ya jeshi. Sehemu kubwa ya safari ile walitembea kwa miguu, baba alikuwa akitusimulia kuhusu viatu kuliko kuhusu risasi.

Sasa nije kwenye kasoro, nisiwe mtu wa kusifia tu. Kwenye picha za zimamoto fundi alizidisha usafi. Mzee alikuwa na kovu la moto mkono wa kulia kutoka kwenye kiwiko kushuka chini, alilipata kwenye ghala la mkonge. Wasiojua, robota la mkonge likishika moto linazimika juu huku ndani linaendelea kufuka, kwa hiyo lazima yavutwe yafumuliwe moja moja ndo maji yaingie, na mzee ndo alikuwa mmoja wa waliokuwa wanavuta. Fundi akadhani lile kovu ni doa la picha akalifuta, na juu ya hapo kamng'arisha ngozi akawa mweupe kama kapaka krimu. Mama akaangalia kwenye skrini akasema, "Mwanangu, huyu sie. Mume wangu alikuwa mweusi na mkono wake naujua, nimeufunga bendeji mwenyewe." Kijana hakubisha wala hakukunja uso, akasema samahani mama, akarudisha kovu na rangi yake mbele yetu pale pale, bila kuongeza hata shilingi. Kwangu mimi hiyo ni sababu tosha ya kumpelekea mtu kazi. Lakini nyie mkienda mwambieni mapema kabisa asiguse ngozi wala makovu, na kama hamtaki maua na njiwa kwenye kona za kurasa semeni pia, manake ndo anaanza navyo.

Picha za nyumbani ndo zimetoka vizuri kuliko zote. Ipo ya mwaka 1988 timu yetu ya Coastal Union ilipochukua ubingwa wa ligi, mzee yuko nje ya uwanja wa Mkwakwani kambeba kaka begani, wote midomo wazi. Ipo ya Idd Raskazone na wajukuu, na ipo ile ninayoipenda mimi, yuko jikoni kashika mfuniko wa sufuria anawafundisha wajukuu kwamba mafuta yakiwaka usimwage maji, unazima jiko unafunika na mfuniko unaacha hapo hapo. Alikuwa halali bila kugusa regulata ya gesi kwa mkono wake, na kila mjukuu aliyeanza kuongea alifundishwa 114, namba ya zimamoto, kabla ya kufundishwa namba ya simu ya baba yake.

Siku ya hitma, shangazi aliomba picha isitundikwe pale watu wanaposoma, tukaheshimu, ile kubwa ikabaki chumbani kwa mama na albamu ikaja kupita kwa watu baada ya pilau. Wazee wawili aliofanya nao kazi zimamoto waliishika muda mrefu wanaoneshana nani ni nani kwenye lile gari jekundu, na kuna majina mawili hata mama hakuyajua, tukayaandika hapo hapo.

Bei sasa. Picha ya kawaida kuskani na kusafisha ni elfu 10, iliyoharibika sana elfu 25, albamu ya kurasa 40 yenye jalada gumu laki na 20, na flashi yenye picha zote unapewa. Sio rahisi, ila ndugu tukichanga inawezekana, na wanapokea kwa simu. Chukueni karatasi isiyong'aa, ile inayong'aa inashika alama za vidole na kwenye msiba albamu inapita mikono mingi. Msiwape siku chache, sisi tuliipata usiku wa kuamkia hitma yenyewe na presha ilikuwa juu, umeme nao ulikatika katikati ya kuprinti. Ijumaa mchana wanafunga kwa ajili ya swala. Anayetaka namba yao aje inbox nitampa.