Tenki konekta ya simtanki kama njia ya kutolea maji kwenye akwariamu

Anayefuga samaki wa mapambo hapa Mtwara, akitaka maji ya akwariamu yashuke yenyewe hadi kwenye tangi la chujio lililo chini, hana haja ya kuagiza vifaa maalumu kutoka mbali. Tenki konekta (kiungio cha kupitishia bomba kwenye ukuta wa tangi) ya plastiki ya inchi 1, ileile ambayo mafundi bomba hufungia simtanki na ambayo hupatikana kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi kwa shilingi elfu chache, inaifanya kazi hiyo vizuri, nami naipendekeza kwa dhati.

Jambo la kuangaliwa kabla ya yote ni ukingo wake. Niliyoinunua ilikuwa na mstari mwembamba wa plastiki ulioachwa na kalibu, tena mahali hasa panapokalia washa ya mpira, na kwenye kioo mstari kama huo unatosha kuvujisha maji usiku kucha. Uliondoka kwa msasa laini uliotandazwa juu ya meza. Washa ikae ndani ya akwariamu, chini ya ukingo, nati ibaki nje, na ikazwe kwa mkono tu, kwa kuwa spana hupasua kioo. Tundu lipimwe kwa unene wa hesi (mizunguko ya skrubu ya konekta), ambao unazidi inchi 1, na fundi athibitishe kwanza kwamba kioo si kile kilichoimarishwa kwa joto, kwani hicho kikitobolewa husambaratika chote.

Fedha inayookolewa hapa ningeshauri itumike kutoboa tundu la pili. Bomba moja likifanya kazi peke yake huvuta maji pamoja na hewa, likagugumia mchana na usiku, na siku konokono au jani likiliziba, maji yanaishia sakafuni. Yakiwa mawili, la kwanza huwekewa valvu upande wa chini na kubanwa taratibu mpaka lijae maji matupu na kunyamaza, ilhali la pili, ambalo mdomo wake uko juu kidogo, huachwa wazi bila valvu yoyote kwa ajili ya dharura. Valvu iwe ya plastiki. Ya shaba ni rahisi kuipata, lakini madini yake huua kamba na konokono, hasa kwa wanaofuga viumbe wa maji ya bahari. Tangi la chini nalo lisijazwe hadi juu, maana umeme ukikatika pampu inayorudisha maji juu husimama na maji yaliyo juu ya midomo ya mabomba hushuka yote.

Kasoro inayonisikitisha ni washa zenyewe, ambazo ubora wake hutofautiana hata ndani ya katoni moja, na sikupata duka linaloziuza peke yake. Mnunuzi aombe kuifungua pakiti palepale kaunta na kuikunja washa kwa vidole: ikionyesha nyufa ndogo nyeupe, airudishe na kuomba nyingine.