Kozi ya matamshi ya Kiklingoni: gh imepewa karamu, tlh imepewa makombo

Nimeimaliza kozi hii ya sauti ya kwenye simu, na niseme mapema: imetungwa kwa sikio la Mwingereza. Kama unazungumza Kiswahili, sehemu kubwa ya masomo unalipia sauti ambazo tayari unazo mdomoni.

Kiklingoni, lugha ya Waklingoni, viumbe wa kubuni wa sayari nyingine katika filamu za Star Trek, kilitungwa na mwanaisimu Marc Okrand, na kamusi yake ikatoka mwaka 1985. Kina konsonanti 21, tena zimepangwa kimakusudi ziwe za ajabu. Hakuna k. Hakuna f wala z. D unaitamka umekunja ncha ya ulimi nyuma kuelekea kaakaa, lakini t haikunjwi. Lugha za binadamu kwa kawaida hupenda ulinganifu zaidi ya huo.

Somo la gh ndilo refu kuliko yote. Mwalimu anarudia, anabembeleza, anakusihi usikate tamaa. Jamani, ni gh ya ghali! H kubwa nayo ni kh ya kheri, kwa anayeitamka sawasawa. Ng imepewa somo zima kwa sababu Mwingereza haanzi neno nayo. Sisi tuna ng'ombe. Hapo ndipo palipohitaji onyo: Kiklingoni huiandika bila ritifaa, na ritifaa kwao ni konsonanti kamili, mkato wa pumzi kooni kama hamza ya Kiarabu. Qapla', yaani mafanikio, inaishia na mkato huo. Macho yaliyozoea ng' yatateleza, na kozi haisemi lolote.

Sasa tlh, ambayo hata sisi hatuna. Ncha ya ulimi inabana palepale pa t, halafu hewa inaachiwa kwa nguvu pembeni mwa ulimi, bila mlio wa kooni. Wenye Kinahuatli cha Meksiko wana sauti ya ukoo huo. Ndiyo inayoanza jina lenyewe la lugha, tlhIngan Hol, lakini imepewa rekodi mbili za haraka, basi. Kitufe cha kupunguza kasi hakuna. Nikajaribu kuitega programu: nikasema t kavu kabisa. Ikaniwekea tiki ya kijani. Nikasema ch, kijani tena. Kipimo gani hicho?

Kwenye q na Q ndiko walikofanya kazi. Ndogo ni qaf ya Kiarabu, kubwa inaanza papo hapo kisha inamalizika kwa mkwaruzo mzito. Rekodi zimewekwa mbilimbili, qagh halafu Qagh, mlo wa minyoo halafu kosa, kwa sauti ya mwanamume na ya mwanamke, na unasikia wazi pumzi inavyokwaruza kwenye kimio. Hizo nilizirudia mpaka majirani wakazoea. S pia imeelezwa vizuri: ulimi unakaa palepale pa D, na sauti inaelea kati ya s na sh.

Ukiinunua, ruka moja kwa moja hadi masomo ya D, S na hizo q mbili. Tlh tafuta pengine. Wala usiamue kwa kutumia toleo la majaribio. Linafungua b, m, n na p tu.