Alinikatia matangazo: duka la kuhamisha kanda za video, Kisumu

Kanda zenyewe ni 3 za VHS. Zilikaa ndani ya sanduku la bati la marehemu baba tangu tulipohama mtaa wa Makasembo. Mbili zimeandikwa kwa mkono wake, herufi kubwa: USIFUTE. Ya tatu haina maandishi yoyote, na hiyo ndiyo nilikuwa naililia.

Duka liko katikati ya mji, ghorofa ya kwanza, juu ya wauza simu. Kijana mmoja, kompyuta moja, feni inayolalamika, na deki 2 kuukuu. Deki moja ni ya kazi, ya pili ni ya kunyofolewa vipuri, kwa sababu mpya hazipatikani tena. Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kuziunda, iliacha mwaka 2016. Bei ni shilingi 800 kwa kanda, flashi uje nayo.

Sifa zake kwanza. Kabla ya kuchomeka chochote alifungua kile kifuniko cha kanda, akamulika kwa simu, akanionyesha utando mweupe kwenye mkanda. "Ukungu huu, mama. Unyevu wa ziwa." Akakataa katakata kuitia kwenye deki vile ilivyokuwa, kwa sababu ukungu ungeshika vichwa vya deki na kuharibu hadi kanda ya mteja atakayefuata. Alishinda alasiri nzima akiuzungusha mkanda polepole kwa mkono na kuupangusa kwa kitambaa chenye spiriti. Hakuongeza hata senti. Fundi niliyemwendea kabla yake, mahali pengine, aliisukuma tu ndani, deki ikatafuna kama mita moja ya utoto wangu.

Tena hakunidanganya kuhusu muda. Kanda ya saa 3 huhamishwa kwa saa 3, maana ni lazima deki iicheze yote huku kompyuta ikipokea.

Basi Jumatatu nikachukua flashi yangu, nikafika nyumbani, nikapika chai kabisa ndipo nikaketi. Vitimbi, kile kichekesho cha televisheni! Mzee Ojwang' na suruali yake iliyopandishwa hadi kifuani, Mama Kayai akimjibu kabla hajamaliza kusema. Pale kwetu watu wazima waliapa kwamba yule mzee ni Mjaluo wa huku huku, labda Nyakach, labda Seme. Benson Wanjau, aliyemwigiza, alikuwa Mkikuyu, na nadhani wapo wazee Kisumu ambao hata alipofariki mwaka 2015 hawakuwa wamekubali.

Kipindi kikaisha, majina yakapita, halafu kufumba na kufumbua Wajerumani wanakimbiza mpira. Football Made in Germany. Katikati hapana kitu.

Nikampigia simu. "Nilikusafishia, mama," akasema, sauti imejaa fahari. "Nimetoa matangazo yote ya biashara. Na hiyo sikukulipisha."

Nilitaka kulia. Nieleze kwa nini. Miaka ile ya themanini kaka yangu alikuwa na kazi moja tu usiku: kuchuchumaa kando ya deki na kubonyeza kitufe cha kusimamisha tangazo linapoanza, ili tusipoteze mkanda. Kanda tupu haikuwa kitu cha kuchezea kwa mshahara wa karani. Lakini kaka alipenda matangazo kuliko vipindi! Alijifanya kidole kimekufa ganzi. Baba alimfokea, mara nyingine kandambili iliruka, lakini hakukoma. Kwa hivyo matangazo yaliyo kwenye kanda ile yamo kwa ukaidi wa mtoto wa miaka 9, na sasa kijana mwenye nidhamu ameyafagia kwa dakika 10.

Alinyamaza, kisha akasema nimrudishie kanda. Akairudia yote, saa 3 nyingine, bure.

Na yapo! Omo na mashati meupe kwenye kamba. Blue Band na watoto wenye mashavu. Betri ya Eveready, ile ya paka anayeruka katikati ya tisa, wakati kiwanda cha Nakuru kilikuwa bado kinavuma. Kilifungwa mwaka 2014. Halafu mkebe wa mafuta ya kupikia ya Kimbo, mkubwa, wa kilo 2, unang'aa kama kombe. Nikacheka peke yangu, kwa sababu asubuhi hiyo hiyo nilikuwa soko la Kibuye nikipimiwa mahindi kwa mkebe wa namna hiyo, umebonyea, hauna rangi. Tunaununulia mahindi hadi leo na kuuita gorogoro. Baada ya mkebe mtangazaji akataja VOK, kituo cha taifa, ndipo nikajua kanda ni ya kabla ya 1989, kabla jina halijawa KBC.

Lawama iliyobaki ni umbo la picha. Mara ya kwanza aliivuta ijae kioo kipana cha siku hizi, Mzee Ojwang' akawa mpana kama mlango wa ghala. Picha za zamani ni upana 4 kwa kimo 3. Ziachwe na vile vichochoro vyeusi pembeni, havimli mtu. Nilipomwambia alirekebisha, ila hilo fundi wa kazi hii angelijua bila kuambiwa.

Nampa nyota 4. Ya tano aliikata pamoja na matangazo.

Ukienda, mwambie kabla hajawasha deki kwamba asikate kitu, hata chenga, hata ule mlio wa mwisho wa matangazo ya usiku. Zile 2 za USIFUTE nimemwachia. Moja ina ukungu mbaya zaidi, amesema nirudi Alhamisi. Kaka anapiga simu kila jioni kutoka Nakuru kuuliza kama ni yeye aliyeshika kitufe.